Maswali ya wasomaji: kwenda jangwani kwa gari

SWALI: Habari za kazi wahariri. Tuko wanne, tunatoka Moshi na Land Cruiser mkonga ya dizeli. Tutapita Namanga na Isiolo hadi Marsabit, tuache lami na kukata jangwa la Chalbi kupitia North Horr mpaka Loiyangalani, Ziwa Turkana, kisha turudi njia ileile. Kutoka Marsabit mpaka kurudi hapo tumepanga siku 3. Tubebe maji na dizeli kiasi gani?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Salama, ndugu yetu. Chukueni siku 3 mlizopanga, mwongeze siku 2 za kukaa mahali pamoja bila kusogea. Hizo mbili ndizo muhimu kuliko zote, kwa sababu mkanda ukikatika Chalbi mnaweza kukaa hapohapo mpaka gari jingine lipite.

Maji ya kunywa na kupikia ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Watu 4 kwa siku 5 ni lita 100, na gari liwe na lita 20 zake. Hizo ni kilo 120, kwa hiyo msiziweke juu ya keria, gari litayumba na kupinduka kwenye kona za mchanga. Zifungeni sakafuni, mbele ya ekseli ya nyuma. Tumieni madumu mengi ya lita 10 na 20, si tangi moja kubwa. Dumu likisuguana na jeki kutwa nzima hutoboka, na mtu hugundua pale anapoona zulia limelowa. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi, msiyahesabu. Maji ya rejeta yenye kulanti (dawa ya kupozea injini) ni sumu, hata yakichemshwa.

Bebeni pia sukari na chumvi. Mtu akianza kuumwa kichwa na mkojo ukawa wa rangi ya chai, changanyeni lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, anywe kidogo kidogo. Akianza kuongea ovyo na ngozi ikawaka moto, hapo ni hatari: mlazeni kivulini, mloweshe mwili mzima na kumpepea huku mkitafuta msaada. Msimlazimishe kunywa.

Dizeli: kutoka Marsabit wekeni hesabu ya kilomita 600, kwenda na kurudi. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita kwenye lami litashuka mpaka 5 kwenye mchanga na gia nzito. Hiyo ni lita 120. Ongezeni robo, zinakuwa 150. Kama tenki ni la lita 90, bebeni madumu 3 ya chuma ya lita 20. Msiyajaze mpaka mdomoni, mafuta hutanuka kwa joto.

Chalbi ni ziwa lililokauka. Juu kuna ganda jeupe la chumvi lililo gumu kama sakafu, lakini mvua ikinyesha, chini yake ni tope linalomeza gari mpaka kwenye chesisi. Msiende kipindi cha Machi hadi Mei, wala Oktoba hadi Desemba. Fuateni alama za matairi zilizopo, msikate njia ya mkato. Na tunawasihi: nendeni magari mawili, mkaulize hali ya usalama kituo cha polisi Marsabit kabla ya kuingia.

SWALI: Nataka kwenda Ziwa Natron na RAV4 kupitia Mto wa Mbu na Engaruka. Upepo wa tairi niweke ngapi?
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Dada, pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kwenye lami weka kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, mara nyingi ni kama psi 32. Ukiacha lami Mto wa Mbu shusha hadi 26. Njia ile imejikunja kama bati, na mawe yake meusi ya volkano yana ncha kali. Tairi gumu hukatika, laini kidogo hulivaa jiwe. Kwenye mchanga mzito shusha hadi 18, usizidi kilomita 30 kwa saa wala usikate kona kwa ghafla, tairi litavuka rimu. Ukirudi kwenye lami jaza kwanza. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa, ubavu hupata moto na kupasuka, na hapo ndipo wengi hupinduka.

Baada ya saa moja ya mwendo pima tena. Upepo ukiwa umepanda zaidi ya psi 6, tairi limeelemewa: punguza mwendo au mzigo. Usiutoe upepo huo uliopanda kwa sababu ya joto.

Pampu iwe ya kubana kwenye betri. Ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti inaweza kukata fyuzi. Chini ya jeki weka ubao wa sentimita 40 kwa 40, la sivyo litazama mchangani. Soma tarakimu 4 ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi hilo limezeeka: hata likiwa na kashata nzuri, lisiende Natron.

SWALI: Fundi wangu Unga Limited anasema nitoe thamostati (valvu inayofungulia maji ya injini kwenda kwenye rejeta) ili injini isichemke huko kwenye joto. Ni kweli?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Usitoe. Kwenye injini nyingi za Toyota za dizeli, thamostati ikifunguka huziba pia njia ndogo inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu bila kupoa. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto: ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 76 au 82. Kinachochemsha gari ni rejeta iliyojaa vumbi, kifuniko kilichochoka, mkanda uliolegea. Osha rejeta kwa maji kutokea upande wa injini kwenda nje.

SWALI: Tukiharibikiwa porini, mmoja atembee kutafuta msaada?
Msomaji, Usa River

JIBU: Hapana. Gari huonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Funueni boneti, tandeni turubai ubavuni, kaeni kivulini mchana kutwa. Mkiona vumbi la gari au ndege, choma tairi moja bovu mbali na gari, baada ya kung'oa valvu upepo utoke. Moshi wake mweusi hupanda juu sana. Kabla ya safari mwachie ndugu aliyebaki nyumbani karatasi yenye njia yenu, namba ya gari na majina yenu, na mwambie: asipowasikia mpaka saa 12 jioni ya siku ya kurudi, apige simu polisi bila kusubiri kesho.