Jino la Papa wa Kale: Ligeuze Kwanza

Anayeanza kununua meno ya papa wa kale hulitazama taji: weusi wake, mng'aro wake, ile ncha kali. Wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo, ndiyo maana udanganyifu mwingi hufanywa kwenye mzizi. Kwa hiyo ligeuze jino kwanza, bei mtazungumza baadaye.

Chukua meno ya Otodus obliquus, aina ya papa wa kale, yanayotoka machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Moroko. Ni mengi, ni ya bei nafuu, na wengi huanzia hapo. Jino zima lina taji nene lenye makali laini yasiyo na msumeno, vijino viwili vya pembeni, na mzizi mnene wa pembe mbili. Shida ni kwamba mzizi una vitundu vingi, hivyo huvunjika upesi wakati wa kuchimba. Taji linabaki zima, nalo peke yake halina bei. Basi fundi anachanganya mchanga wa fosfeti wa palepale na gundi, anaufinyanga mzizi mpya na kulichomeka taji. Kwa macho matupu rangi inalingana kabisa, kwa kuwa mchanga ni wa shimo lilelile.

Hapa ndipo lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 inapolipa gharama yake. Mzizi wa kweli ni kitu kimoja kilichokua: uso wake una vitundu vidogo ilimopita mishipa ya damu, na nyufa zake huendelea bila kukatika. Mzizi wa kufinyangwa unaonyesha punje za mchanga mojamoja zilizogandishwa, mara nyingine na viputo vya hewa katikati yake. Kisha angalia shingo ya jino, ule utepe mwembamba ulio kati ya taji na mzizi. Kwenye jino halali utauona upande wa ndani kutoka kona hadi kona. Kwenye jino la kuungwa umefunikwa na mchanga, na taji limezama mzizini kama jiwe kwenye pete.

Baada ya lenzi, zima taa umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, ya nanomita 365. Gundi nyingi na rangi za kupaka hung'aa tofauti na jino lenyewe. Lakini si gundi zote zinazong'aa, kwa hiyo usilipitishe jino kwa kipimo hicho peke yake. Kama mwenye jino anaruhusu, gusisha kijiti cha pamba chenye asetoni ukingoni mwa mzizi. Gundi nyingi hulainika na kunata. Ruhusa ni muhimu, maana asetoni huondoa pia dawa halali ya kuimarisha jino.

Meno ya megalodoni, papa mkubwa sana aliyekwisha kutoweka, yana hila zake. Haya ndiyo makubwa, na yanayofika inchi 6 ni adimu, kwa hiyo kila sehemu iliyopotea huzibwa. Tazama msumeno wa kingo zote mbili. Ule wa asili huchakaa hapa na kubaki pale. Uliochongwa upya una vijino vinavyolingana mno, na kingo zake ni butu na hazina mng'aro wa enameli. Taji lililosuguliwa ili ling'ae limepoteza mistari myembamba ya asili.

Ukubwa hupimwa kwa kalipa, kipimio chenye taya mbili zinazokibana kitu, mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kona ya mzizi, kwa upande ulio mrefu zaidi. Anayezungusha utepe juu ya mbenuko anajiongezea urefu. Bei hupanda ghafla kwenye kila inchi kamili, kwa hiyo unaponunua mtandaoni dai picha ya jino likiwa ndani ya kalipa, picha za pande zote mbili, na moja ya mzizi kutoka chini. Asiyetaka kupiga picha ya mzizi, achana naye.

Ukitaka kuokota mwenyewe na unaishi Marekani, Peace River kule Florida ni shule nzuri. Nenda msimu usio na mvua, maji yakiwa ya chini. Chomeka fimbo ya chuma kwenye kitanda cha mto: mchanga mtupu unaimeza kimya, changarawe inakwaruza. Chimba kwenye changarawe, upakue kwa beleshi, na uchekeche kwa wavu wa robo inchi. Usichimbe kingo za mto, na chunguza kama kuna mamba kabla ya kuingia. Meno ya papa hayahitaji kibali cha jimbo, ila ukikuta jino la mamothi au mfupa wa mnyama mwingine wa kale, hapo kibali kinahitajika. Kenya ni tofauti: visukuku vinalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, na huruhusiwi kuvitoa nchini bila leseni.

Osha kwa maji na brashi laini. Siki iache jikoni, kwani asidi inakula mzizi kabla hujaona. Jino lililotoka baharini liloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, uyabadilishe kila siku kwa wiki kadhaa. Chumvi ikibaki ndani itaganda jino likikauka na kulipasua. Mzizi unaomeguka unaimarishwa kwa Paraloid B-72, plastiki ya akriliki ya kuimarishia vitu vya kale, iliyoyeyushwa katika asetoni kwa kiasi cha asilimia 5, nyembamba ili inywewe. Ikiwa nzito itabaki juu kama plastiki.

Andika mahali jino lilipopatikana siku hiyohiyo, pamoja na tabaka la mwamba kama unalijua. Rangi haitakukumbusha: inatokana na madini ya udongo, si umri, na meno meusi hutoka sehemu nyingi. Jino lisilo na mahali linabadilishwa kwa hasara. Unapolituma, ncha iwe imevishwa kipande cha sponji na jino lisitikisike ndani ya kifurushi. Tikisa kifurushi sikioni kabla ya kukifunga. Ukisikia chochote, fungua upange upya.