Mashine Pepe Ikigoma Kuwaka Baada ya Kupandisha Toleo

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kuhudumia kompyuta, na ninyi wanafunzi mnaofanyia mazoezi ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi): mashine pepe ikigoma kuwaka baada ya kusasisha programu, karibu kila mara diski yake ni nzima. Mafaili yamo, hifadhidata imo, mradi wa muhula umo. Kilichokatika ni njia ya kuyafikia. Nalitanguliza hili kwa sababu hasara nzito nilizozishuhudia hazikuletwa na sasisho. Zililetwa na mtu aliyeingiwa na kiwewe, akaamua kuiondoa mashine ili aiunde upya, dirisha likamuuliza kama afute na mafaili yote, naye akabofya ndiyo bila kusoma.

Basi kazi ya kwanza ni kunakili. Ifunge VirtualBox kabisa, nenda kwenye folda iitwayo VirtualBox VMs iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani, chukua folda nzima ya mashine husika, si diski peke yake, uipeleke kwenye diski ya nje. Kama ni GB 40, subiri zimalizike. Kama huna diski ya nje, azima. Nakala hiyo ndiyo inayokupa uhuru wa kujaribu. Bila nakala, kila jaribio ni kucheza kamari na mali ya mtu.

Kisha ujue ni nini hasa kilichopanda toleo. Mtu anayekuletea laptop atakuapia kwamba hajabadilisha chochote, na kwa anavyojua yeye anasema kweli: Windows au Ubuntu ilijisasisha yenyewe usiku. Yapo mambo matatu ya kuyatazama: kompyuta mwenyeji (ile halisi) na mfumo wake endeshi, VirtualBox yenyewe, na mfumo wa mgeni, yaani ulio ndani ya mashine pepe. Angalia inakwamia wapi. Ikiwa dirisha la mashine halifunguki, au linafunguka na kujifunga papo hapo likiacha ujumbe wa kosa, tatizo liko kwa mwenyeji au kwenye VirtualBox. Ikiwa dirisha limefunguka, nembo ya Ubuntu au Windows imeonekana, halafu skrini ikabaki nyeusi, tatizo limo ndani ya mgeni na tiba yake ni nyingine. Nimeona vijana wakiondoa na kusakinisha VirtualBox tena na tena kwa tatizo lililomo ndani ya mgeni, bando likaishia hapo.

Sasa soma logi, yaani kumbukumbu ya matukio ambayo VirtualBox hujiandikia. Ndani ya folda ya mashine kuna folda nyingine iitwayo Logs, na humo utakuta faili la VBox.log. Za zamani zimehifadhiwa kwa majina VBox.log.1, VBox.log.2 na kuendelea, na hizi za zamani ni hazina ambayo wengi hawaijui. Fungua logi ya leo na ile ya siku mashine ilipowaka vizuri, uziweke ubavu kwa ubavu. Mistari ya mwanzo inataja toleo la VirtualBox. Mbele kidogo inataja mfumo wa mwenyeji, na kwenye Linux inataja hata toleo la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ukilinganisha, utaona mwenyewe kilichobadilika bila kumhoji mtu. Baada ya hapo shuka hadi chini, utafute mstari wenye maneno Power up failed.

Ujumbe unaotokea kwenye dirisha mara nyingi huwa na namba 0x80004005. Usiipoteze siku yako kuitafuta namba hiyo mtandaoni. Maana yake ni kwamba kuna kitu kimeshindikana, basi. Ni namba ileile kwa matatizo kumi tofauti, ndiyo maana utakuta watu wanapeana tiba zisizofanana na kila mmoja anaapa kwamba ya kwake ilifanya kazi. Jina lenye habari ni lile linaloanza na VERR_. Hilo ndilo la kunakili na kulifuatilia. Na ikiwa hakuna logi mpya iliyoandikwa, hilo nalo ni jibu: mashine ilikwama kabla hata ya kuanza. Kwenye Windows, hapo fungua VBoxHardening.log katika folda hiyohiyo, uangalie kama kuna faili la kizuia virusi linalokataliwa.

Tuanze na mwenyeji wa Linux, maana huko ndiko tatizo hujirudia zaidi. VirtualBox inahitaji moduli yake (kipande cha programu) ndani ya kerneli, iitwayo vboxdrv. Moduli hiyo hujengwa kwa ajili ya kerneli moja maalumu. Ubuntu ikisasisha kerneli leo, ukawasha upya kesho, unaingia kwenye kerneli mpya isiyo na moduli hiyo, na VirtualBox inakuambia Kernel driver not installed, rc=-1908. Hakuna kilichoharibika, kuna kitu hakijajengwa. Andika uname -r ujue uko kwenye kerneli gani, kisha sakinisha vichwa (headers) vya kerneli hiyohiyo, yaani mafaili yanayohitajika kujengea moduli, ndipo uijenge:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo /sbin/vboxconfig

Kama umesakinisha VirtualBox kutoka hazina ya Ubuntu yenyewe, kazi hiyo hufanywa na DKMS, chombo kinachojenga moduli upya kerneli inapobadilika, na amri ya dkms status itakuonyesha kama moduli imejengwa kwa kerneli uliyomo. Ujenzi ukishindikana wakati umetumia vboxconfig, soma /var/log/vbox-setup.log. Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: vichwa vya kerneli havipo, au VirtualBox ni ya zamani mno kwa kerneli mpya. La pili halina ujanja zaidi ya kupandisha VirtualBox pia.

Na kama una mtihani wa vitendo asubuhi na huna muda wa yote hayo, washa upya, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapoanza, chagua Advanced options, uingie kwa kerneli ya jana. Ubuntu haiiondoi mara moja. Fanya kazi yako, urudi kurekebisha ukiwa umetulia.

Wakati mwingine moduli inajengwa vizuri lakini inakataliwa kuingia. Ukiandika sudo modprobe vboxdrv unajibiwa Key was rejected by service. Hapo ni Secure Boot: kompyuta inakataa moduli isiyo na saini inayoitambua. Kwenye Ubuntu utaombwa kutunga nenosiri wakati wa usakinishaji, kisha ukiwasha upya inatokea skrini ya buluu ya Perform MOK management. Uchague Enroll MOK, yaani kuusajili ufunguo wa saini hiyo, uandike nenosiri lilelile. Wengi huikosa skrini hiyo kwa sababu haikai muda mrefu, na wengine wakiiona wanaogopa na kubonyeza kuendelea. Kaa mbele ya kompyuta, usiende kupika chai. Najua wapo watakaokushauri uzime Secure Boot moja kwa moja. Kwenye laptop yako ya mazoezi ni uamuzi wako. Kwenye kompyuta ya ofisi si uamuzi wako hata kidogo, na kusaini moduli ni kazi ya dakika chache.

Kuna jingine jipya zaidi, nalo limewachanganya hata wazoefu. Kuanzia kerneli 6.12, iliyotoka Novemba 2024, KVM, mfumo wa Linux yenyewe wa kuendesha mashine pepe, inachukua uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (kwa Intel huitwa VT-x) tangu moduli yake inapopakiwa, hata kama hakuna mashine ya KVM inayoendeshwa. Zamani ilisubiri hadi uwashe mashine. Matokeo yake VirtualBox inaweza kukuta nafasi imeshakaliwa, ikagoma na kuandika VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE kwenye Intel, au VERR_SVM_IN_USE kwenye AMD. Mtu anaingia BIOS, anakuta VT-x imewashwa, anachanganyikiwa kabisa. Kwa muda unaweza kuiondoa moduli kwa sudo modprobe -r kvm_intel, au kvm_amd kulingana na prosesa yako. Kwa kudumu, fungua /etc/default/grub, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa vigezo vya kerneli, kisha sudo update-grub na kuwasha upya.

Kwenye Windows mgongano ni uleule, ila anayekalia nafasi ni Hyper-V, mfumo wa Microsoft wa kuendesha mashine pepe. Huwashwa na WSL 2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), na Docker Desktop (programu ya kuendesha kontena), na pia na kinga iitwayo Memory integrity iliyo ndani ya Core isolation. Fungua msinfo32, shuka chini kabisa: ukikuta mstari unaosema A hypervisor has been detected, umempata. Tangu toleo la 6.0 VirtualBox inaweza kupitia juu ya Hyper-V badala ya kugoma, lakini utaona alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine, na mwendo wake ni wa kobe kweli. Mgeni anaweza kuchukua muda mrefu hadi ukadhani ameganda. Amri ya bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, ikitolewa kwa mamlaka ya msimamizi na kufuatiwa na kuwasha upya, humzuia Hyper-V. Kumrudisha unaweka auto mahali pa off. Jua tu kwamba ukifanya hivyo WSL 2 na Docker zinazomtegemea nazo zitasimama. Muulize mwenye kompyuta kwanza anatumia nini.

Tuje kwenye VirtualBox yenyewe. Kosa lenye tiba rahisi ni la mashine iliyolazwa badala ya kuzimwa. Mtu anafunga dirisha kwa Save the machine state, anapandisha toleo, kisha toleo jipya linashindwa kuisoma hali iliyohifadhiwa na toleo la zamani. Tiba ni Discard Saved State. Jina hilo linatisha, lakini kinachopotea ni kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya RAM tu, sawa na kompyuta iliyokatikiwa umeme. Diski haiguswi. Ila kama ndani kulikuwa na waraka haujahifadhiwa, huo umekwenda, kwa hiyo jaribu kwanza kurudisha toleo la zamani, uiwashe mashine na kuizima vizuri, ndipo upande tena. Matoleo ya zamani ya VirtualBox bado yanapatikana kwenye tovuti yake.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, unaweza kukuta mashine imeandikwa Inaccessible. Tazama faili lenye kiambishi .vbox ndani ya folda: likiwa halipo au lina ukubwa wa sufuri, jirani yake lipo faili la .vbox-prev, ambalo ni mipangilio ilivyokuwa kabla ya badiliko la mwisho. Linakili, uipe nakala jina la .vbox, mashine itarudi kwenye orodha. Na ikiwa diski ya mashine ilifungwa kwa nenosiri la VirtualBox, hakikisha Extension Pack, kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox, nayo imepandishwa hadi toleo linalolingana, kwani bila hiyo diski haifunguki.

Hapa kwenye snapushoti nawaomba mtulie, maana ndipo data hupotea kweli. Ukishachukua snapushoti, yaani kuhifadhi hali ya mashine ilivyo ili uweze kuirudia, VirtualBox haiandiki tena kwenye diski kuu ya .vdi. Kila unachofanya tangu hapo huandikwa kwenye faili jingine ndani ya folda ya Snapshots, lenye jina refu la herufi na namba ndani ya mabano ya mawimbi. Diski kuu imebaki ilivyokuwa siku ya snapushoti ya kwanza. Sasa mtu anahamia kompyuta nyingine, anabeba diski kuu peke yake kwa sababu ndiyo yenye jina la kueleweka, anaunda mashine mpya juu yake. Inawaka! Lakini kazi ya miezi haionekani. Mbaya zaidi, kuwaka kwenyewe kumeandika mambo mapya kwenye diski kuu, na yale mafaili ya Snapshots yaliyotegemea diski hiyo isibadilike hayalingani nayo tena. Ndiyo sababu nilisema nakili folda nzima.

Tatizo likiwa la mgeni, ni sawa na kompyuta ya kawaida: ingia kwa kerneli ya zamani au kwa hali salama. Skrini ikiwa nyeusi, zima 3D kwenye mipangilio ya Display na uangalie kidhibiti cha picha: VMSVGA kwa Linux, VBoxSVGA kwa Windows. Kisha pandisha Guest Additions, programu za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni.

Watakaokwenda kwenye seva watakutana na Hyper-V na KVM. Kwenye Hyper-V msiharakishe amri ya Update-VMVersion, inayopandisha toleo la mipangilio ya mashine, haina kurudi nyuma. Kwenye KVM, logi zipo /var/log/libvirt/qemu.

Safari ijayo, kabla ya kupandisha toleo, zimeni mashine zote kabisa, toeni nakala ya OVA (mashine iliyofungwa katika faili moja) kwa ile muhimu mkijua kwamba OVA haibebi snapushoti, na msifute kisakinishi cha toleo la zamani hadi mashine zote ziwake.

Na mkikwama, ombeni msaada kwa kutuma faili zima la VBox.log pamoja na maelezo ya mliyokwisha kujaribu, kwa mpangilio mliojaribu. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, yenye 0x80004005 katikati, haimsaidii mtu kukusaidia.