Sensa mpya ya presha ya oili, mshale unakwenda kinyume: usifungue injini kwanza

Mkuu, umesema umebadilisha sensa ya presha ya oili kwenye gari lako la zamani, na sasa ukifungua swichi mshale unapanda hadi mwisho, halafu injini ikiwaka unashuka. Pampu ya oili iache kwanza. Dalili hiyo ni ya sensa na geji zisizolingana.

Geji ya umeme haioni oili, inasoma ukinzani wa sensa tu, yaani jinsi inavyozuia umeme, na kipimo chake ni omu. Sensa nyingi za Ulaya, kama za VDO, huanza na omu 10 presha ikiwa sifuri na hupanda hadi kama 180. Nyingi za Marekani zinakwenda kinyume: 240 kwenye sifuri, 33 mwishoni. Gari za zamani za GM (General Motors) zina 0 hadi 90. Ukifunga sensa ya 240–33 kwenye geji ya 10–180, utapata hicho hicho unachokiona.

Hakikisha hivi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa sensa, weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye terminali, nyingine kwenye mwili wa sensa. Ikisoma karibu 10 au karibu 240, umeshaijua. Kisha fungua swichi waya ukiwa haugusi chuma chochote: geji ya 10–180 itapanda hadi juu, ya 240–33 italala chini.

Kinachonitia hofu zaidi ni pale omu zinapolingana lakini upeo wa presha haulingani. Gari langu lilikuwa na geji ya baa 5 (baa ni kipimo cha presha) na sensa ya baa 10, zote omu 10–180. Injini ikiwa ya moto, mwendo wa barabarani, mshale ulisimama karibu na baa 2, na fundi akaanza kuzungumzia beringi za krenki kuwa zimelika. Nikafunga geji ya mekanika kwenye tundu lilelile: baa 4 kamili. Ikiwa kinyume, sensa ya baa 5 kwenye geji ya baa 10, mshale unasoma karibu maradufu, na injini inaweza kufa huku geji ikikwambia mambo ni shwari.

Usizungushe tepu nyeupe ya mabomba kwenye thredi za sensa ya waya mmoja, maana ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye injini, inapitia hapo hapo. Na ikigoma kuingia kwa mkono, usiilazimishe kwa spana: thredi za aina ya M10x1 na 1/8 NPT zinakaribiana sana kwa macho.

Pima, kisha ulete hizo omu hapa pamoja na namba zilizogongwa kwenye mwili wa sensa.