Corolla ikilala siku mbili haiwaki, na betri ni mpya

Mkuu, kama alteneta inachaji 14V na Corolla 110 yako bado haiwaki ikilala siku mbili, usinunue betri nyingine. Kuna kitu kinakunywa umeme gari likiwa limezimwa.

Toa ufunguo, funga milango, fungua waya wa hasi wa betri. Weka mita ya umeme (multimeter) kwenye 10A kati ya nguzo ya hasi na waya huo. Usipige stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itaungua! Subiri kama nusu saa. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Ikisoma nusu ampia, hizo ni Ah 12 (ampia-saa, kipimo cha umeme wa betri) kwa siku. Betri ya Ah 45 haifiki mbali.

Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke ghafla. Mimi ningeanza na redio na alamu zilizofungwa mtaani, maana waya wake mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye betri. Taa ya buti nayo iangalie. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, toa mita ili betri isiwe imeungwa na gari, kisha toa waya mnene wa alteneta, uzungushie tepu usiguse bodi, pima tena. Ikishuka, diodi za alteneta (vipande vinavyozuia umeme wa betri usirudi ndani yake) zimekufa.