Maswali ya Wasomaji: Riwaya za Vijana na Mauaji ya Kweli

SWALI

Ndugu Mhariri, binti yangu wa miaka 15 anapenda sana riwaya za vijana zinazotokana na mauaji yaliyotokea kweli zamani. Hivi karibuni alisoma A Northern Light ya Jennifer Donnelly, akanieleza habari za Mattie, msichana anayesimulia kisa hicho, kana kwamba aliishi duniani. Nachelea kwamba anachanganya historia na ubunifu, na tena naona si heshima kifo cha mtu kugeuzwa burudani. Je, nimzuie?

Mama wa msomaji

JIBU

Mama, ushauri wangu ni kwamba usimzuie, bali usome naye, maana kitabu alichokichagua kinaonyesha jinsi kazi hii inavyoweza kufanywa kwa adabu.

Mauaji ya kweli yaliyo nyuma ya kitabu hicho ni ya Grace Brown. Alikuwa msichana wa miaka 20, mfanyakazi wa kiwanda cha sketi mjini Cortland, katika jimbo la New York nchini Marekani, na Chester Gillette alikuwa mtoto wa ndugu wa mwenye kiwanda hicho. Walipendana kwa siri, Grace akapata mimba, akawa anamwandikia barua za kumsihi asimtupe. Tarehe 11 Julai 1906 walipanda mashua ya makasia katika ziwa Big Moose, kwenye milima ya Adirondack. Mwili wa Grace ulipatikana majini, na Gillette alikuwa amekwisha kuondoka. Mahakamani alidai kwamba Grace alijirusha mwenyewe. Hakuaminiwa, na tarehe 30 Machi 1908 aliuawa kwa kiti cha umeme katika gereza la Auburn.

Hofu yako kuhusu burudani ina msingi, ila burudani hiyo ilianza muda mrefu kabla ya riwaya yoyote. Mwendesha mashtaka alizisoma barua za Grace mahakamani, nazo zilichapishwa katika vijitabu vilivyouzwa nje ya mahakama kesi ikiwa ingali inaendelea. Mwaka 1925 Theodore Dreiser alikitumia kisa hicho katika An American Tragedy, akabadili majina na kutuingiza ndani ya mawazo ya mwanamume, tamaa zake na woga wake, hata msomaji akamjua muuaji kuliko alivyomjua aliyekufa. Ni riwaya kubwa, sikatai, lakini Donnelly, aliyechapisha yake mwaka 2003, alifanya jambo ambalo mimi nalithamini zaidi: aliacha jina la Grace libaki lake, akaweka ndani ya kitabu sehemu za barua alizoziandika kwa mkono wake, kisha akamtafutia msikilizaji wa rika la binti yako.

Msikilizaji huyo ndiye Mattie, msichana wa miaka 16 anayefanya kazi hotelini kando ya ziwa na kutamani kwenda kusoma, ambaye katika riwaya anakabidhiwa na Grace furushi la barua azichome moto. Hapo ndipo ubunifu ulipo. Mattie hakuwahi kuwapo, na barua ambazo Grace alimpelekea Gillette zilipatikana katika chumba alichokuwa amepanga mwanamume huyo. Mwambie binti yako wazi, kisha umuulize kwa nini mwandishi alizihamisha barua hizo kutoka chumbani kwa Gillette hadi mikononi mwa msichana maskini anayepaswa kuamua kama atazisoma au atazichoma. Akilijibu swali hilo, atakuwa ametenganisha historia na ubunifu bila kuupoteza utamu wa hadithi, tena atakuwa ameona kwamba Mattie anajifunza kutokana na maisha ya Grace, wala hakufurahishwa na kifo chake.

Kuna vitabu ambavyo ningemzuilia mtoto wangu: vile vinavyomsingizia marehemu halisi, kwa jina lake, aibu ambayo hakuna ushahidi wake, na vile vinavyoyaeleza majeraha kwa kirefu huku aliyeyapata akibaki bila sauti. Ukiviona vya namna hiyo, kataa bila kusita. Hiki mwache akirudie, mtafutie na barua za Grace zenyewe, ambazo zimekwisha kuchapishwa, azisome kwa ukamilifu wake. Kitabu cha Dreiser kinaweza kusubiri miaka michache. Ni kirefu mno, na kinahitaji msomaji aliyekwisha kumsikia Grace kwanza.