Unataka kusomea tabia za nyani? Nunua daftari kwanza

Juzi kuna mdogo wangu mmoja kanitumia meseji, kamaliza form six, anasema shikamoo dada, na mimi nataka kazi kama yako ya kufuatilia nyani, ninunue kamera gani? Karibu wote mnaoniandikia mnaanza na kamera. Huku Udzungwa ng'olaga, nyani wa msitu huu ninaowafuata mimi, wanashinda chini wakichambua majani makavu, giza la miti juu yao, utapiga picha za mikia inayokimbia mpaka betri iishe.

Nunua daftari, penseli (wino na mvua za Kilombero havipatani) na saa. Chagua mnyama mmoja, mfuate huyohuyo dakika kumi, kila dakika andika anafanya nini hata kama wenzake pembeni wanang'atana. Hapo ndio pagumu maana macho yanapenda fujo. Jeanne Altmann, yule wa mradi wa nyani wa Amboseli kule Kenya ulioanza 1971, alilieleza vizuri sana mwaka 1974, kwamba ukiangalia kiholela utajaza ugomvi na kupandana, ukija kuhesabu unakuta kama vile nyani hawali wala hawalali. Na andika ulichokiona. Usiandike "amekasirika", andika "amemkazia macho, amefunua meno". Ulichokiona tu, basi.

Mimi nilianza kwa kuwabebea watafiti mabegi, na cheti cha chuo ninacho nyumbani. Anko wangu alikuwa anasema mbele za watu, nimeuza mpunga nikakusomesha uje kuhesabu hawa wanaotumalizia mahindi? Nilinyamaza. Miezi ya mwanzo nairuka, ni mvua na ruba. Baadaye nikawa namjua kila mmoja kwa sura, huyu sikio limechanika, yule kidole kimepinda, mpaka mtafiti ananiuliza mimi nani ni nani. Kisha akaondoka, ripoti ikatoka, tuliyoyaona sisi yamo, jina langu hamna, hata kwenye shukrani. Inaniuma mpaka leo, sitawadanganya.

Na si jambo jipya. Mwaka 1979 watafiti walisikia sauti ngeni msituni huku, wakaambiwa na mwenyeji wao huyo ni ng'olaga. Watu wa hapa walimjua siku zote, ila vitabuni amegunduliwa 1979. Kule Gombe, hifadhi ya sokwe Kigoma, Januari 1974, aliyeshuhudia shambulio la kwanza la ile vita ya sokwe, kundi moja likiwaua wa kundi jingine, ni Hilali Matama, Mtanzania mwenzetu, na mwaka uliofuata waasi wa Zaire walipovuka Ziwa Tanganyika wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni, Watanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika. Wangapi mnawajua kwa majina?

Mwezi huu nimepata nafasi ya masters, ada imelipwa. Kwenye usaili niliweka madaftari yangu mezani, yamevimba kwa maji, wakayafungua wakaacha kuniuliza habari za GPA. Anko sasa anawaambia watu mpwa wake ni mwanasayansi, haya.

Kwa hiyo vijana, daftari liwe lako. Kila jioni piga picha kila ukurasa kwa simu, hifadhi. Kabla hujabeba begi la mtu uliza data ni ya nani na jina langu litakaa wapi, uliza kwa adabu lakini uliza, aibu haijawahi kumlipia mtu ada! Na uandike kila siku, nimeshasema lakini narudia, kila siku.

Utafiti hifadhini unataka vibali, vya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na vinachukua muda. Ukisubiri anza na tumbili wa mtaani, na usiwadharau, hao ndio waliofanyiwa majaribio Amboseli, matokeo yakatoka 1980: wakisikia mlio wa mwenzao wa kuonya kuna chui wanapanda mtini, wa kuonya tai wanatazama juu, wa kuonya nyoka wanatazama chini. Ila usiwape ndizi, wakizoea watakufuata mpaka jikoni na majirani watakuja kugonga kwako.