Msomaji auliza: mbona rm, amri ya kufuta mafaili, haikomi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ni fundi kompyuta hapa Mafinga. Kwa kujifunza, nimehamisha msimbo wa mfumo wa mafaili wa ext2 kutoka Linux kwenda FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, pamoja na ukaguzi wa mafaili yaliyozuiwa kufutwa. Kusoma na kuandika ni sawa. Ila nikifuta faili lenye zuio, rm haisemi kitu, feni inavuma mpaka nibonyeze Ctrl na C. Nahisi ni kufuli. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kufuli halihusiki, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Anayesubiri kufuli la faili ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwa kawaida hulala, prosesa inapumzika. Rm yako iko macho, inakimbia palepale.

Tazama alama ya kutoa. Kwenye Linux, funkisheni ya kerneli inayokataa hurudisha -EPERM, yaani -1. FreeBSD hurudisha 1, chanya. Namba hasi imeziwekea kazi nyingine: -1 ni ERESTART, "anza upya wito huu". Msimbo wako unasema "hairuhusiwi", kerneli inasikia "anza upya", nayo inatii, kila mara. Chunguza pia faili lisilokuwepo. ENOENT, yaani "faili halipo", ni 2, na -2 huko ni EJUSTRETURN. Katika kutafuta jina humaanisha halipo, ila unaweza kuliunda. Hapo mashine inaweza kuanguka kabisa.

Nakusihi, usipite mstari kwa mstari ukifuta alama. Nilifanya hivyo nikiwa nimepanga chumba Uyole, usiku kucha, blanketi mabegani. Marekebisho mapya ya Linux yalipotoka hayakuingia tena kwangu, maana kila faili nilikuwa nimeligusa. Iliniuma sana.

Kwacha hubadilishwa Tunduma, haibadilishwi kwenye kila duka la Mbeya. Nawe geuza alama mpakani tu, kwenye zile funkisheni chache zinazoitwa na FreeBSD. Ndani paache palivyo. OpenZFS, mfumo mwingine wa mafaili, inafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: msimbo wake wenye asili ya mfumo endeshi wa Solaris hutumia namba chanya, na kwenye Linux hugeuzwa ndani ya mafaili kama zpl_inode.c. Lifungue ulisome.

Hapohapo mpakani weka KASSERT, ukaguzi unaosimamisha kerneli sharti likivunjwa, inayodai namba isiwe hasi, isipokuwa EJUSTRETURN halali ya kutafuta jina; kisha jenga kerneli ukiwa umewasha INVARIANTS, chaguo linaloamsha ukaguzi huo. Ikipenya hasi nyingine yoyote, mashine itasimama na kukuonyesha ilikopitia. Ikisimama, niandikie jina la funkisheni.